Juwa Isikuwe Article 15

Banakwetu wa Katuba na Kenya, wa Kamalondo na Ruashi, wa Kampemba, wa Annexe na wa komine Lubumbashi,

Tembea leo mu kartie yako na uangalie juu. Miaka kumi nyuma, paneli ya juwa ku paa ilikuwa kitu cha nyumba ya padri, cha ONG ao cha mkubwa fulani. Leo iko ku salon ya kunyoa, ku kioski ya kuuza inite za simu, ku nyumba ya mwalimu, ku mlango wa mama anayeuza vinywaji baridi. Hakuna waziri aliyekata utepe. Hakuna programu iliyotangazwa ku redio. Watu walichoka kungojea kuran, wakatafuta dola, wakanunua.

Tunawapa heko wote waliofanya vile. Mtoto anasoma usiku, sudere anafungua atelie yake hata siku ya delestaji, simu haizimike tena saa ya kutafuta kazi. Hivyo si vitu vidogo.

Lakini kuna jambo moja tunataka kulisema wazi. Juwa la Katanga linakuwa biashara ya kila mtu na mfuko wake, na jimbo linaangalia tu. Ikibaki hivi, mwenye mgodi atakuwa na kuran usiku na mchana, mwenye villa atakuwa na kuran ya kutosha, na sisi wengine tutabaki na balbu moja na simu yenye chaji. Na watatuambia hayo njo maendeleo.

Hiyo ni Article 15. Mnaijua. Si ile iliyoandikwa mu Katiba, ni ile ya barabarani: jitafutie, jipange, usingoje mtu. Haikupigiwa kura mahali popote lakini njo inatutawala. Barabara imeharibika? Article 15. Mshahara haufike? Article 15. Bomba halina maji? Chimba kisima chako. Na sasa, hakuna kuran? Nunua paneli yako, usitusumbue.

Kumbe Katiba ya mwezi wa 2 mwaka 2006 iko na kifungu kingine, cha 48. Kinasema kwamba haki ya makao ya heshima, ya kupata maji ya kunywa na ya kupata nguvu za umeme zinahakikishwa. Hakiseme "kwa mwenye pesa". Sisi tunasimama ku 48.

Kuran ilijengwa juu ya nani

Ili tuelewe hatari iko wapi, tukumbuke kuran yetu ilitoka wapi. Baraji ya Mwadingusha ku mto Lufira ilianza kazi mwaka 1930. Ikafuata Koni, chini kidogo ku mto uleule. Mu miaka ya 1950 zikaja Nzilo na Nseke ku mto Lualaba. Zote zilijengwa wakati wa Union Minière, na kazi yake ya kwanza ilikuwa shaba: kuchimba, kuyeyusha, kusafisha, kupeleka nje. Mji ulipewa kilichobaki. Na ndani ya mji, kartie za Wazungu zilipita mbele, cité za weusi zikangojea.

Uhuru ulikuja. Union Minière ikachukuliwa na serikali mwaka 1967 na nyuma yake ikakuwa Gécamines, SNEL ikaanzishwa mwaka 1970. Kisha serikali ya Mobutu ikajenga laini kubwa ya Inga–Shaba, iliyomalizika mwaka 1982: kilometa karibu 1,700 kutoka mto Kongo mpaka Kolwezi, tena juu ya shaba. Laini hiyo inabeba kuran ya aina ile mafundi wanaita "kontini". Kuran kama hiyo inasafiri mbali bila kupotea mingi, lakini huwezi kuishusha njiani bila kujenga stasio kubwa ya bei kali. Kwa hiyo ilipita juu ya vichwa vya watu mu vijiji vingi sana, na watu hao wakabaki na taa ya mafuta. Watoto waliozaliwa chini ya nyaya zile leo ni watu wazima, na wengi wao bado hawana kuran.

Hesabu ilikuwa hivi tangu mwanzo: shaba ya kwanza, mji wa pili, kartie ya mwisho, kijiji hapana. Delestaji tunayolalamikia leo haikuanguka toka mbinguni. Ni hesabu ileile ya 1930, imebadilisha jina ku fakitire.

Kitu kipya juwa linaleta

Juwa linaweza kuvunja hesabu hiyo, na tuseme juu ya nini.

Kwanza, halihitaji baraji wala laini ya kilometa 1,700. Huku kwetu, kila mita mraba ya paa inapokea, kwa wastani wa mwaka, kama kilowati-saa 5 na zaidi kwa siku. Ni juwa lenye nguvu kuliko la Ujerumani, inchi yenye paneli nyingi sana. Na linaangukia paa la Katuba sawa na paa la Golf.

Pili, juwa na maji vinasaidiana. Mu Haut-Katanga mvua inakatika karibu mwezi wa 4 na inarudi karibu mwezi wa 10 ao wa 11. Mwisho wa kiangazi mito inapungua, baraji zinakosa maji, na delestaji inakuwa kali. Na ni wakati uleule mbingu iko wazi, juwa linapiga kuanzia asubuhi. Mwenye kuchanganya vitu hivyo viwili analinda maji ya baraji mchana na kuyatumia usiku.

Majirani wetu wa Zambia walijifunza somo hilo kwa maumivu. Mwaka 2024 ukame ulishusha ziwa Kariba, serikali yao ikatangaza janga la taifa, na miji yao ikaingia mu giza kwa masaa mengi kila siku. Na sisi huku tunanunua sehemu ya kuran yetu toka kwao, kwa hiyo giza lao linavuka mpaka bila pasiporti. Wao walifanya nini? Mu Kitwe, kilometa kama 200 toka hapa, kampuni ya umeme ya Copperbelt ilifungua mwaka 2024 kiwanda cha juwa cha megawati 60, pale Itimpi. Mwezi wa 6 mwaka 2025 wakafungua kingine cha megawati 100 mu Chisamba. Na mwaka 2024 waliweka kanuni za kumruhusu mwenye paneli kurudisha kuran yake ya ziada ku laini na kuhesabiwa ku kontere. Mvua ilipokosa, walijenga. Ukanda mmoja wa shaba, juwa lilelile.

Hesabu ya zamani inataka kurudi

Sasa tuangalie kwetu. Mwezi wa 4 mwaka 2025, mu Kolwezi, jimbo jirani la Lualaba ambalo tulikuwa nalo jimbo moja mpaka 2015, mgodi wa Kamoa-Kakula ulipatana na kampuni CrossBoundary Energy juu ya kiwanda cha juwa. Paneli za megawati 222, na batri za kutunza megawati-saa 526, ili mgodi upate megawati 30 bila kukatika, usiku na mchana.

Linganisha. Mu Goma, kampuni Nuru ilifungua mwaka 2020 kiwanda cha juwa cha megawati 1.3, na kile kikaleta kuran mu kartie ya Ndosho. Mu Manono, jimbo la Tanganyika, kilijengwa kiwanda cha megawati 1 chenye batri zake, juu ya mji. Chukua paneli za Goma, zidisha mara 170, njo unafika ku paneli za mgodi moja.

Hatulaumu mgodi kwa kutafuta juwa. Mgodi ukijitengenezea kuran, haunyonye mingi ku laini ya SNEL, na hiyo inaweza kuwa habari njema kwa mji. Inaweza. Lakini nani ataangalia zile megawati zitakazoachiliwa zinaenda wapi? Zitaenda ku kabine ya Katuba, ao zitauzwa kwa mgodi mwingine? Kama hakuna sheria wala kontra inayosema, jibu tunalijua tangu 1930.

Na nyumbani je? Tufanye hesabu pamoja. Paneli ya wati 100, siku yenye juwa nzuri, inakupa kama wati-saa 500, tena kabla batri na nyaya hazijala sehemu yake. Balbu tatu za wati 10 kwa masaa matano: 150. Televizio ndogo kwa masaa manne: kama 200. Simu tatu: kama 30 ao 40. Siku imeisha. Sasa weka resho ya umeme ya wati 1,000 upike bukari na mboga kwa saa moja: 1,000. Haiwezekani. Paneli ya kinyumba inawasha taa, haipike.

Njo maana, hata ku nyumba yenye paneli, mama anaendelea kununua makala. Na makala inatoka mu miombo, ile misitu inayozunguka mji wetu na ambayo kila mwaka baisikeli na makamyo yanaifuata mbali zaidi. Mtu asituambie kwamba tatizo la kuran limeisha kwa sababu soko imejaa paneli. Kupika, kusaga, kuchomelea, kusukuma maji, kuweka dawa mu frigo: kazi hizo zinaomba kuran ya wengi pamoja, ya kartie, ya komine, ya jimbo. Hakuna mtu atazifikia na paneli yake moja.

Jimbo liko na uwezo

Kila mara tukiuliza, tunajibiwa: "Umeme ni mambo ya Kinshasa." Si kweli yote.

Katiba, mu kifungu cha 204, inaweka mu mikono ya majimbo kutengeneza na kutekeleza programu za nguvu za umeme zenye faida kwa jimbo. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2014 ilifungua mlango: SNEL haiko tena peke yake, kampuni ingine ao ushirika inaweza kuzalisha na kuuza kuran. Sheria hiyo njo ilizaa pia ARE, yenye kazi ya kusimamia sekta ya umeme, na ANSER, yenye kazi ya kupeleka kuran vijijini na ku kando ya miji. Kando ya miji, banakwetu: Annexe iko ndani ya maneno hayo.

Na pesa? Kodi ya migodi, ile redevance, inagawanywa hivi mu sheria ya migodi ya mwaka 2018: serikali ya taifa asilimia 50, jimbo asilimia 25, komine, sekta ao shefri yenye mgodi ndani asilimia 15, na mfuko wa vizazi vijavyo asilimia 10. Zaidi ya hayo, kila mgodi unapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa jirani. Haut-Katanga si jimbo la kulia kwamba mfuko uko mutupu. Shaba inapita ku N1 kila usiku, makamyo yanapanga mulolongo mpaka Kasumbalesa. Sehemu ya shaba ile ni yetu kisheria. Tunauliza tu inawasha taa gani.

Chukua materinite moja ya kartie. Paneli za kilowati 3 na batri za kutosha zinaweza kuwasha taa za chumba cha kuzalia usiku mzima, frigo ya chanjo, na mashini moja ya oksijeni kwa masaa mengi. Kilowati 3. Si Inga. Ni paneli chache tu, zinatosha ku paa moja. Mama anayezaa saa nane ya usiku ku mwangaza wa simu ya muuguzi hahitaji hotuba juu ya nishati safi. Anahitaji kilowati 3 na fundi anayejulikana jina lake siku zikiharibika.

Fundi, ndiyo, juu ya hiyo njo inaua miradi. Paneli inaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Batri hapana: ya risasi na asidi inachoka mu miaka michache, ya lithiamu inakaa zaidi lakini nayo ina mwisho. Mradi ambao haukuweka pesa ya batri ya pili ni sinema ya siku ya ufunguzi. Bakubwa wanapiga picha, mwaka wa tatu taa imekufa, nguzo inabaki ya kufungia mbuzi.

Bakubwa watatuambia

Watatuambia: "Ngojeni Inga." Tunajua, mwezi wa 6 mwaka 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kwanza, mu programu ya mpaka bilioni moja, ili kutayarisha Inga 3. Ni vizuri. Lakini baba zetu walingojea Inga, na laini ikapita juu ya vichwa. Hatukatae Inga. Tunakataa kungojea. Serikali yenyewe ilitoa ahadi mu mkutano wa Dar es Salaam, mwezi wa 1 mwaka 2025, ya kutoa inchi toka karibu asilimia 21 ya watu wenye kuran mpaka karibu asilimia 62 mwaka 2030. Baraji kubwa inaomba miaka mingi. Kiwanda cha juwa cha kartie kinajengwa mu miezi.

Watatuambia: "Biashara inafanya kazi yake, muiache." Tunapenda biashara, ndugu zetu wengi wanakula juu ya paneli. Lakini biashara bila sheria inaleta pia paneli za uongo, yenye kuandikwa wati 200 na inatoa 90, na batri yenye kuvimba mwezi wa pili. Mnunuzi analia peke yake. Inaleta pia deni: unalipa kidogo kidogo ku simu, siku ukikosa franka wanazima taa kutoka mbali, na pesa uliyolipa mwaka mzima haukumbukwe. Pengine mu kontra iliandikwa, lakini nani alikusomea ile kontra mu Kiswahili?

Na sheria inaweza kusaidia biashara ao kuivunja kwa mstari mmoja tu. Mu Kenya, mwaka 2020 sheria ya fedha ilirudisha kodi ya VAT ku vifaa vya juwa, bei ikapanda, watu wakapiga kelele, na mwaka 2021 wakaiondoa tena. Kwetu, serikali ya taifa ilisaini mwezi wa 12 mwaka 2018 dekree ya kulegeza kodi na duane ku mambo ya umeme. Sasa tunauliza: kijana anayeleta paneli ishirini kupitia Kasumbalesa anaonja wapi huo ulegezaji? Anajua kabla ya kufika ku barrière atalipa ngapi, kwa nani, na kwa karatasi gani?

Watatuambia mwishoni: "Kobalti yetu njo inatengeneza batri za dunia, tutakuwa matajiri." Tuwe waangalifu na wimbo huo. Ni kweli Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia. Lakini batri nyingi za kutunza juwa za siku hizi, zile wanaita LFP, hazina kobalti hata kidogo. Kile hakikosekane ni shaba, mu nyaya, mu konvertisere, mu transfo. Shaba inatoka hapa, inarudi hapa ikiwa paneli na kebo, na tunailipia mara ya pili. Mwezi wa 4 mwaka 2022 kituo cha Afrika cha utafiti wa batri kilizinduliwa ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunataka kuona kazi yake mu kartie zetu, si ku picha za mikutano tu.

Tunataka nini

Tunasema kwa guvernere wa jimbo, kwa badepite wa jimbo, kwa meya na kwa bakubwa wa komine zote saba:

1. Jimbo litoe programu yake ya juwa, ku karatasi, yenye namba, mahali na miaka. Ipelekwe mu Asemble ya jimbo mu kikao cha bujeti, kile kinachofunguliwa kila mwaka mwisho wa mwezi wa 9, ipigiwe kura ikuwe édit. Ahadi ya mdomo hatuihesabu.

2. Materinite, vituo vya afya, shule na visima vya maji vipite mbele ya majumba ya ofisi. Na kila mradi ukuwe na mstari wake wa pesa juu ya fundi na batri ya pili. Bila mstari huo, msiufungue.

3. Ile asilimia 25 ya jimbo na ile 15 ya komine na sekta zenye migodi: zibandikwe ku mlango wa ofisi kila miezi mitatu. Ngapi iliingia, ngapi ilitoka, ilifanya nini. Kwa Kiswahili, na kwa herufi ambazo mama anaweza kusoma.

4. Kila mgodi wa Haut-Katanga utakaojenga kiwanda cha juwa utenge sehemu ya kuran kwa wakaaji wa jirani, na iandikwe mu kaye ya majukumu yake. Na megawati zinazoachiliwa ku laini ya SNEL zitangazwe: zimeenda ku kabine gani, kartie gani.

5. Ku Kasumbalesa, libandikwe tangazo moja la kodi zote za paneli, batri na konvertisere. Kitu kisichokuwa juu ya karatasi ile kisilipishwe. Na ukaguzi wa OCC upime wati za kweli kabla mzigo haujafika soko, ili uongo ubaki ku mpaka.

6. INPP na vyuo vya ufundi vifungue nafasi nyingi zaidi za kufundisha vijana, wasichana na wavulana, kufunga na kutengeneza mitambo ya juwa, na watoke na karatasi inayotambuliwa. Na jimbo lipange mahali pa kukusanya batri za zamani. Batri ya risasi ikivunjwa mu lupango, risasi inabaki mu udongo, na mtoto anayecheza pale anaila. Hiyo sumu inaingia ku akili yake na haitoke.

Na sisi?

Hatuandike haya ili tulale. Kuna kazi yetu pia, na inaanza mu wiki hii.

Nenda ku kituo cha afya cha kartie yako, kwa heshima, uulize wahusika: usiku mnawasha na nini? Frigo ya chanjo inafanya kazi na nini? Andika mu kaye. Usipige picha ya mgonjwa, usiandike jina la mtu. Kaye kumi za kartie kumi zitakuwa ripoti ambayo hakuna mkubwa anaweza kusema haijui.

Nenda ku ofisi ya komine uombe kuona bujeti. Mwende watatu ao wane, si peke yako, mchana, na karatasi ya kuomba yenye sinye ya kupokelewa. Wakikataa, kukataa kwao nako ni habari, utuletee.

Ukinunua paneli, omba fakitire yenye wati, jina la duka na muda wa garanti. Muuzaji mzuri hatakataa. Na kama mu avenue yenu familia kumi ziko na wazo la kuunganisha pesa zake kufanya mtambo mkubwa kidogo wa pamoja, kwa kisima ao kwa mashini ya kusaga, mjue sheria ya 2014 haiwafungie mlango. Anzeni kuongea. Hata hiyo ni njia ya kutoka mu Article 15: si kila mtu na mfuko wake, ni avenue moja na hesabu moja, iliyo wazi.

Hatutupe mawe, hatuchome kabine, hatukate kebo. Anayeiba kebo ya shaba mu kartie anawazimia wenzake maskini, hasumbue mkubwa hata moja. Silaha yetu ni kaye, swali na miguu ya kurudi kesho.

Bakubwa, mko na Katiba, mko na sheria, mko na sehemu ya shaba, na juwa halidai commission. Kikao cha bujeti kinakuja. Tutakuwa ku mlango wa Asemble na kaye zetu, na tutasoma kwa sauti jina la kila materinite iliyobaki mu giza.

Kuran ni haki. Juwa ni la wote.

Lubumbashi, Haut-Katanga